Lenzi ya baba na gundi ya shemeji

Wewe, acha unachofanya usome. Shemeji amegundisha lenzi ya marehemu baba. Kwa gundi. Ile ya kubandikia soli za viatu.

Nimeingia sebuleni namkuta ameipakata kamera kama mtoto mchanga, anaifuta. Ananiambia, "Shem, hii ilikuwa imelegea, inazunguka tu. Nimeikaza."

Inazunguka tu, anasema. Ile pete ya kulengea, unayozungusha kufuata umbali wa mtu mpaka sura yake itoke wazi. Kazi yake ni kuzunguka, mjinga yule.

Nimejaribu kwa mkono, nimejaribu kwa kitambaa, nimebakiza meno. Haiendi. Dada naye anamtetea mumewe: "Alitaka kukusaidia." Na kesho ukoo mzima unakuja kupigwa picha pamoja na bibi, picha ambayo baba alimwahidi akafa hajaipiga.

Nikachungulia kwenye kamera. Ukuta ukungu, mlango ukungu, dada ukungu. Shemeji akanisogelea na meno yake nje: "Si imekaza vizuri?"

Hapo, hatua moja mbele yangu, akaonekana safi kabisa, mpaka vinyweleo vya pua.

Yaani lenzi ya baba haiuoni ukoo tena. Inamwona yeye tu.