Kipengele Nilichokiruka

Jumapili, jioni. Asubuhi kulikuwa na ukungu, ikafuata mvua ya saa moja, sasa jua limetoka na migomba bado inadondosha maji. Moyo wangu mwepesi. Sijauona hivi tangu nistaafu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Miezi mitatu iliyopita nilimkabidhi ofisi Jovitha, fundi kijana aliyechukua nafasi yangu, mimi na mke wangu Mama Koku tukarudi huku kijijini Kaisho kwenye kibanja, shamba la migomba la marehemu baba. Watu wakanipongeza. Nikatabasamu, lakini nilikuwa na jambo rohoni ambalo hata mke wangu hakulijua.

Acha niliandike leo, maana limeisha.

Pale hospitalini, kumbukumbu za wagonjwa zinanakiliwa kila usiku kwenye diski ya akiba. Diski ziko mbili, na kila Jumapili lazima mtu aende kuzibadilisha kwa mkono. Asipofanya hivyo, diski inajaa na kunakili kunakoma kimyakimya. Mashine haipigi kelele wala haiandiki onyo lolote. Siku mashine ikiungua ndipo utajua kwamba huna kitu: nani alipewa dawa gani, nani sindano fulani inaweza kumuua, vyote vimepotea.

Nilipokuwa naandaa daftari la makabidhiano, niliandika kila kitu kwanza kwenye karatasi. Nilipokuja kunakili vizuri, nilipofika kwenye hilo la diski, nikaliruka.

Sikusahau. Nililiruka kwa makusudi.

Nilitaka wanipigie simu. Ndiyo ukweli wenyewe. Nilitaka Jumapili moja Jovitha aione ile diski ya pili, asijue afanye nini, anipigie akiwa na hofu, na mimi nimwambie kwa sauti ya utulivu, "Usijali mwanangu, fanya hivi." Nilitarajia anipigie wiki ya kwanza. Hakupiga. Wala ya pili. Ningeweza kupiga mimi, lakini kila nikishika simu nilijiuliza nitaanzia wapi. Mzee mzima! Wiki zikapita, aibu ikaota mizizi, nikawa naamka alfajiri nikiwaza wagonjwa wa watu.

Alhamisi umeme ulikatika wilaya nzima, ukarudi kwa kishindo. Hapa jirani televisheni iliungua. Tangu siku hiyo chakula hakikupita vizuri.

Leo tumetoka kanisani, sijavua hata koti, bodaboda ikasimama uani. Akashuka Jovitha, mkoba begani. Mtu hatoki mjini mpaka Kaisho siku ya Jumapili, barabara ikiwa tope namna ile, kwa jambo dogo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba," nikaitika.

Sasa, kwetu mgeni haulizwi shida yake mlangoni. Kwanza anakaa. Kisha anapewa akamwani, zile kahawa za kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Mnaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Mama Koku naye akaona mgeni huyu hawezi kuondoka bila kula, akaingia jikoni kumenya ndizi. Kumenya! Yaani hata moto ulikuwa haujawashwa. Nimeipenda mila hii maisha yangu yote, lakini leo nusura niilaani. Nilitafuna kahawa hadi taya zikauma. Jovitha anasifia maharage yetu shambani, mimi naona wodi ya watoto na muuguzi aliyeshika sindano bila kujua.

Tulipomaliza kula na kunawa, akafungua mkoba. Akatoa daftari langu la makabidhiano.

"Mzee, nadhani hapa ulipitiwa kidogo," akasema taratibu. "Lile suala la kubadilisha diski halimo. Nililigundua wiki ile ya kwanza, nilipoona diski inakaribia kujaa. Nimekuwa nabadilisha kila Jumapili, leo nimepita asubuhi kabla ya kuja. Na Alhamisi mashine haikupata shida."

Nilishusha pumzi mpaka Mama Koku, aliyekuwa akitoka na vyombo kwenda jikoni, akageuka kuniangalia. Kila kitu kipo. Hakuna mgonjwa aliyepotezewa chochote kwa ajili ya kiburi changu. Machozi yalinijia, sioni haya kusema.

Na mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Kupitiwa. Mzee alipitiwa, nani angemlaumu? Nilihitaji kuitikia tu.

"Sikupitiwa, Jovitha," nikasema. "Nililiacha kusudi ili unitafute."

Akafunua ukurasa, akaweka kidole. Kipengele cha kumi na moja, na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri, kipengele cha kumi na tatu.

Njia ya mwongo ni fupi. Miaka ishirini na sita ya kupanga mambo kwa namba, halafu naficha kitu na kukiachia pengo lake!

"Nilijua, mzee," akasema. "Nilikuwa nasubiri unipigie wewe. Nikaona huwezi, nikaja." Akanipa kalamu. Alitaka nikiandike kipengele hicho mwenyewe, ili atakayekuja baada yake akikute mahali pake.

Nikaandika kwa herufi ndogo pembeni: kumi na mbili, kila Jumapili, badilisha diski ya akiba.

Alipoondoka, nilimweleza Mama Koku yote. Nilijiandaa kugombezwa. Alicheka hadi akakaa kwenye mkeka.

Kesho ni Jumatatu. Huko ofisini watafungua mlango, watawasha mashine, wagonjwa watahudumiwa, na hakuna atakayelitaja jina langu. Nimekaa hapa nalifikiria jambo hilo tangu saa kumi, na mpaka sasa haliniumi.