Jina la Nsiande Chini ya Barafu

Sekei,
Arusha.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Abdiel,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Tunu na watoto wote hapo Mpanda. Goti lako je? Mwanao Swabaha aliniambia unatembea na fimbo, ila akija mgeni unaificha nyuma ya mlango. Usiifiche. Nani hajui kwamba tumezeeka?

Sisi hapa hatujambo. Baba Agnela sukari yake imetulia, ubishi wake ndio haujapata dawa. Mimi ni mgongo tu, wa kuinamia cherehani. Kibanda changu cha Kaloleni bado kipo, na ikikaribia Januari hakuna mzazi mwenye akili anayepeleka sare ya mtoto wake kwa fundi mwingine. Mlima nao upo. Leo asubuhi umejifunika mawingu hadi kiunoni, kama kawaida yake miezi hii.

Najua umeshangaa kupata barua. Siku hizi hata mialiko ya harusi inakuja kwa simu. Lakini kaka, kwenye simu ninajijua. Nitakuuliza mvua, utaniuliza migomba, tutacheka, halafu nitakata bila kusema kilichonifanya nipige. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko unavyodhani. Kwa hiyo leo nimezima redio, nimechana karatasi kwenye daftari la vipimo vya wateja, nimekaa.

Kwanza pokea habari njema. Mpwa wako Agnela amegundua ziwa.

Soma tena kama hujaelewa, hata mimi nilimwambia arudie. Ziwa. Liko Antaktika, mwisho kabisa wa dunia upande wa kusini, na halionekani kwa macho kwa sababu liko chini ya barafu yenye unene wa karibu kilomita tatu. Ukitaka kujua ni kiasi gani, simama hapa Sekei utazame kilele cha Meru. Jaza barafu kutoka miguuni pako mpaka kule juu, halafu maji yawe chini ya nyayo zako. Nilimuuliza, sasa kwa nini hayo maji hayagandi? Akasema joto la ardhi linapanda kutoka chini, na barafu yenyewe kwa uzito na unene wake inalizuia lisitoke, kama blanketi. Darasa langu la saba, kaka, limezaa daktari asiyechoma mtu sindano!

Wanalionaje? Hapo ndipo penye utamu. Kuna satelaiti inayopita juu angani na kupiga mwanga wa leza kwenye barafu. Mwanga ukirudi, wanahesabu muda uliotumia, basi wanajua uso wa barafu uko juu kiasi gani. Baada ya miezi mitatu satelaiti inapita palepale na kupima tena, na tena. Maji yakijaa chini, barafu inainuka kidogo. Yakikimbia, inashuka. Mtu akisimama pale juu haoni kitu, ni weupe tu kila upande. Nilimwambia Agnela hiyo kazi naijua. Mtoto wa shule akija kibandani kila Januari, kwa macho ni yuleyule wa mwaka jana. Futi ndiyo inayosema amekua.

Alicheka sana. Akasema atawaambia wenzake wa kazini huko Uskochi kwamba mama yake ameeleza kwa sentensi mbili jambo ambalo wao wamelijazia kurasa arobaini.

Bila shaka nilitangaza. Unanijua. Nilisimama kwenye jumuiya ya Jumatano nikawaambia kwamba mwanangu anatembea juu ya barafu akigonga kwa fimbo kutafuta maji. Habari ikamfikia, akanipigia. "Mama jamani! Mimi nakaa ofisini. Natembea kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye birika la chai." Ikabidi Jumatano iliyofuata nisimame tena kusahihisha. Mama Bariki, jirani yetu yule mwenye maneno, akadakia palepale: "Basi mwambie hiyo satelaiti yake igeuke kidogo itazame bomba letu, leo siku ya tisa halijatoa hata tone." Watu wakacheka. Nikamjibu, "Bomba lako mwite fundi, mwanangu hahangaiki na vitu vidogo." Wakacheka zaidi. Lakini nilivyorudi nyumbani sikuwa na kicheko.

Sasa kaka, kama umesimama, naomba ukae.

Ziwa la Agnela kwa sasa lina namba tu. Wakubwa wake wa kazi wamemruhusu apendekeze jina, halafu litapelekwa kwenye kamati, ambayo inaweza kukubali au kukataa. Alipokuja likizo mwezi wa sita tulipanda naye nyumbani kwetu Nkoaranga, akaomba kuona Biblia ya baba, ile ambayo nyuma yake aliandika tarehe zetu za kuzaliwa. Jioni nilikuwa jikoni nakaanga ndizi, akaja akasimama mlangoni. "Mama, Nsiande ni nani?"

Ndizi ziliungua.

Nilimwambia ni mdogo wetu, alikufa kwa maji akiwa na miaka mitano, basi. Hakuuliza zaidi. Akarudi kazini kwake, na mwezi uliopita akanipigia kusema kwamba anataka ziwa liitwe Nsiande. Alisema, "Huyu mtoto hana hata mtu mmoja aliyerithi jina lake, Mama. Mimi nina mahali pa kuliweka."

Unajua kwetu wazee walivyoweka. Jina la mtoto aliyekufa kifo kile halipewi mtoto mwingine, mpaka kaka mkubwa wa marehemu alifungue kwa kinywa chake. Kaka mkubwa ni wewe. Miaka arobaini na minane hakuna aliyekuomba, maana hakuna aliyejua pa kuanzia. Na mimi kwa mdomo wangu huu nilishawaambia watu wa jumuiya jina la ziwa kabla ya kukuuliza wewe. Nimekukosea. Lakini hilo ni dogo, kaka. Kubwa liko chini yake.

Siku ile aliyonipigia alinionyesha kwenye simu picha ya ziwa lake. Nimeichapisha steshenari, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Penye wekundu ndipo barafu ilipoinuka, penye bluu iliposhuka. Akawa ananieleza: "Lilikuwa linajaa, linatoa maji, linajaa, linatoa. Halafu mwaka mmoja tulitegemea liwe tupu, tukakuta limejaa. Ndiyo kazi yangu sasa, natafuta ni nini kilichoziba njia." Nikaiweka simu mapajani. "Mama? Mbona umenyamaza?" Nikasema ni mtandao.

Haukuwa mtandao.

Unalikumbuka bwawa la mfereji wetu kuliko mimi. Maji yalikuwa yanajaa usiku, na asubuhi mwenye zamu anachomoa kile kipande cha mgomba na udongo wake kwenye tundu, maji yanateremka kwa majirani wa chini. Mchana bwawa lilikuwa tupu, limebaki lile zulia la majani yanayoota juu ya maji, limelala kwenye tope, na sisi watoto tulikatiza juu yake kwenda kwa bibi. Nsiande alikatiza kila siku. Hakuna aliyemkataza, maana mchana lilikuwa tupu siku zote.

Jumamosi ile aliyokufa, zamu ilikuwa yako. Ulisema ulifungua alfajiri kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe. Baba akakuuliza mbele ya wazee wa mfereji, "Kama ulifungua, mbona limejaa?" Ulikuwa bado umelowa, wewe ndiye uliyeingia kumtoa. Akakuuliza mara ya pili, ukasema tena, "Nilifungua." Wakakuita mwongo. Wakakufuta kwenye zamu, ukiwa na miaka kumi na mitano, aibu ambayo kwetu hawakuwahi kumpa hata mlevi. Mwaka uliofuata ukaondoka, na umerudi mara mbili tu, kumzika mama na kumzika baba, na mara zote mbili hukulala.

Kaka, mimi nilikuwa na miaka kumi. Kesho yake Jumapili nilitakiwa kusema mstari kanisani, mimi peke yangu, mbele ya watu wote. Nilitaka gauni langu liwe jeupe kuliko la mtoto yeyote. Nilifika bwawani umeshaondoka, maji yanakimbia, yamebaki kidogo tena ya tope. Nikaokota kile kipande cha mgomba, nikakirudisha kwenye tundu, nikakishindilia udongo kwa kisigino ili maji yaingie tena niweze kufua. Nilifua. Nilianika gauni juu ya mibuni. Halafu mama akaniita kuchambua maharage, nikaenda mbio, nikasahau kufungua.

Majani yalikuwa yaleyale. Kijani kilekile. Yalikuwa yameinuka tu, kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano, na zulia likiwa limeelea hivyo hakuna wa kuona kwamba chini yake pamejaa.

Nilikuwepo baba alipokuuliza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeshika kanga yake. Nilisikia ukisema ulifungua, na nilijua ni kweli, na mimi peke yangu duniani ndiye niliyejua. Mwanzo nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Baba amekufa hajui. Mama amekufa hajui. Mstari wa kanisani sikuusema, hakukuwa na ibada kwetu Jumapili ile, na gauni lile sikulivaa tena. Nimeshona magauni ya watoto wa watu miaka thelathini na minne, na kila mwaka watu wananisifu, na mimi nakubali sifa.

Nimemwambia Baba Agnela, juzi. Ephraimu yule mbishi hakubisha. Alienda akaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi, kisha akarudi akasema, "Mwandikie. Simu hapana." Agnela bado sijamwambia. Nataka ujue wewe kwanza, maana habari ya jina watu waliijua kabla yako.

Tarehe 27 Desemba ukoo unakutana nyumbani Nkoaranga, na wazee wa mfereji nimeomba waje. Wengi wa wakati ule wameshaondoka duniani, ila daftari lao lipo na waliorithi viti wapo. Nitasimama, uwepo au usiwepo, na nitasema kama nilivyokuandikia hapa, neno kwa neno, hata ile ya gauni. Nitawaomba wakurudishe kwenye zamu. Najua huna shamba la kumwagilia kule. Nataka jina lako lirudi pale lilipofutwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hata kujibu sikulazimishi. Ila jina la Nsiande liko mkononi mwako, na sitalifungua mimi niliyemfungia maji. Ukisema hapana, Agnela ataelewa, nitamweleza sababu mwenyewe, na ziwa lake litabaki na namba yake kama mengine. Ukisema ndiyo, mwambie yeye, usiniambie mimi. Namba yake nimeiandika nyuma ya picha. Ni mtoto wa heshima, ataanza na shikamoo mjomba, na atakueleza habari ya barafu mpaka uchoke. Mwache akueleze. Anaeleza vizuri kuliko wote huko, na hilo silisemi kwa kujisifu.

Msalimie sana wifi Tunu, mwambie kile kitambaa chake cha kijani nimeshakikata, kimebaki kupindwa. Msalimie Swabaha na mumewe, na Luqman, nasikia sasa ana ndevu kama za baba. Baba Agnela anakusalimu, anasema kitanda cha chumba cha nyuma kina godoro jipya na goti lako halitalalamika.

Mungu wa baba na mama akulinde njiani na nyumbani. Akupe usingizi ambao mimi nilikunyima, na akuonyeshe watoto wa watoto wako wakiwa na afya.

Ulifungua, kaka. Alfajiri ile ulifungua. Mimi ndiye niliyefunga.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyechelewa,

Elinami
(Mama Agnela)