Nyoka Mwenye Haraka

Jumanne, 1998

Na sasa hata nyoka wetu ana haraka. Leo niliingiza ile diski ya zamani ya mchezo wa nyoka tuliocheza chuoni kwenye kompyuta mpya ya ofisi. Mchezo ulifunguka vizuri, lakini nyoka alijigonga ukutani kabla sijagusa kitufe. Maudhi matupu.

Mchezo huu hufuata kasi ya mashine, na kompyuta ya chuo ilienda polepole. Marehemu kaka yangu Mwakio alikuwa akimwongoza nyoka kwa kidole kimoja, huku akinisimulia habari za nyumbani Werugha.

Nilijaribu tena na tena. Kisha Zuhura, mwenzangu ofisini, akaniuliza, “Mbona viatu umeviacha mlangoni, dada?”

Hata sikujua nimevivua. Chuoni sote tulivua, vumbi lisiharibu mashine, vyangu vikikaa kando ya vya Mwakio.

Nilienda kuvichukua. Vilikuwa vyangu tu.