Majani ya Muhogo na Mtumbwi

Kigoma, Jumapili ya mvua, mwaka wa ishirini na nane tangu vita vinitoe Lweba, ng'ambo ya ziwa.

Mjukuu wangu Asukulu,

Bibi yako anakusalimu. Goti lake limepata nafuu. Unalalamika kwamba katika mchezo wenu wa mezani, ule wa kusimulia vita na kurusha dadu, shujaa wako alijificha kwenye mahindi, na kiongozi wa mchezo akaamua mshale umempata. Ameamua sawa.

Utotoni Lweba tulirushiana madonge ya udongo yaliyochomekwa kwenye ncha za fimbo. Siku moja nilijibanza ndani ya shamba la muhogo, sionekani, najisifu. Donge likapenya majani, likanipata sikioni. Dada yangu Riziki, aliyechutama nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akacheka: “We mujinga, majani inakuficha tu, haizuie kitu! Kuya huku!” Nikakimbilia kwake. Madonge yakawa yanagonga mbao tu.

Unauliza pia nitarudi lini. Huku nimefichika vizuri, nashukuru. Lakini wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, harufu inapenya hadi kitandani kwangu, nami naiona Lweba yote. Kule Riziki hayupo tena wa kuniita nyuma ya mtumbwi.

Sitarudi, mjukuu wangu.

Babu yako