Bi Mwanaidi Alivyonisemea

Jumanne

Wala sijamkasirikia Bi Mwanaidi. Nimechoka tu, basi.

Leo nimekwenda kwenye zoezi la serikali la kuwapa vibali wageni wanaoishi bila karatasi kama mimi. Huku Dunda huendi peke yako. Mjumbe wa mtaa lazima akusemee. Bi Mwanaidi, mjumbe wetu, alivaa kanga mpya kwa ajili yangu. "Huyu si mtu wa kujificha," akamwambia afisa. "Alipofika tu kutoka Kongo, alikwenda mwenyewe kuomba hifadhi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Basi zoezi hili halimhusu, mama. Aliyeomba hifadhi anasubiri majibu yake."

Majibu hayo nayasubiri tangu binti yangu hajazaliwa, na sasa anasoma. Jirani yangu Zawadi, aliyejificha miaka yote, amepata kibali. Nimempongeza. Lakini moyoni...

Jioni Bi Mwanaidi kaniletea mihogo ya nazi, uso umemchangamka. "Wamesema majibu yanakuja, inshallah. Nilikusemea vizuri, mwanangu?"

"Vizuri sana, mama."

Nikala yote mbele yake, ili asiniulize kitu kingine.