Neno Nililolipeleka Bombani

Tandika, Temeke
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Na wewe na wanao, wazima huko Kilwa? Sisi huku miili haina neno. Baba Rehema, tangu kiwanda chao kibinafsishwe, anauza mitumba Manzese. Siku anauza, siku anarudi na furushi lake vilevile. Moyo wangu ndio mgonjwa, kwa hiyo barua hii isome peke yako.

Nilikuandikia kwamba nampeleka Rehema hospitali. Mtoto ana miaka minane, hasemi, hakuangalii usoni, anachezesha vidole mbele ya macho kutwa nzima. Watu hapa walishamwita zezeta, taahira, mtoto wa mashetani, mpaka nikazoea. Daktari alikaa naye chini sakafuni muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama, hali hii inaitwa otizimu. Hakurogwa, na wewe huna kosa lolote." Dada, nililia palepale kwa furaha. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Sasa mdomo ukaniwasha. Kesho yake, kwenye foleni ya bombani, nikamtangazia kila mwenye ndoo: mwanangu si zezeta, ana otizimu, daktari kasema. Nilidhani nikiwapa jina la heshima wataacha yale mengine. Mwezi haukuisha wakalikata mkia, likawa "otizi". Mtoto akikosa goli, "Otizi wewe!" Muuza genge akisahau ulichoagiza, "Vipi, umekuwa otizi?" Nikimkanya mtu ananicheka: "Mama Rehema, si mwenyewe ulituletea?" Nami najitwisha ndoo yangu naondoka.

Hayo ningeyavumilia. Lililoniua nimelitenda mwenyewe.

Mwezi uliopita jirani yetu aliozesha, akaleta kikundi cha taarabu, ile ya rusha roho. Alikuwepo Bi Pili, yule aliyewahi kusema nimemtoa mwanangu kafara nipate mtaji wa maandazi. Mumewe alikuwa amemwacha juzijuzi tu, na mashoga zangu wakamnong'oneza mwimbaji maneno ya kumpasha. Akayapokea:

Mume umemkosa, kelele za nini?
Otizi we, otizi, nani akutamani?

Wanawake wote wakapiga vigelegele. Nami, dada, niliinuka. Nilimshika Rehema mkono, nikaenda kutunza nikikata kiuno, noti nikaipitisha mbele ya uso wa Bi Pili kabla ya kumpa mwimbaji. Nilicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa mara ya kwanza neno lile lilikuwa linamchoma mtu mwingine, na nilisikia raha ambayo naionea haya mpaka leo. Rehema, ambaye makelele humfanya azibe masikio, siku ile alisimama ametulia, akimtazama mwimbaji mdomoni.

Asubuhi yake nakanda unga, nikasikia sauti uani. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Alikuwa Rehema, anaimba. Mistari ile miwili, sauti safi, kila neno limetimia. Maneno yake ya kwanza duniani, dada yangu, ndiyo hayo.

Na haachi. Anaimba mlangoni kutwa, watoto wanakusanyika kumpigia makofi, na akifika kwenye "otizi" wanamwonyesha kidole huku wanaanguka kwa kicheko. Jana Bi Pili kapita, kasimama, kaniambia polepole tu, "Mwache ajitaje, shoga." Baba yake anasema bora alipokuwa bubu. Mimi namkalisha mapajani, namshika mashavu, namwomba aseme mama. Hata haniangalii. Anaanza upya, kuanzia mstari wa kwanza.

Nimechoka. Nitamshtaki nani, wakati neno nililipeleka kwa mdomo wangu na kulichezea kwa miguu yangu? Nikilala naogopa kuamka, kwa sababu yeye huamka kabla yangu.

Nisalimie shemeji. Msalimie mjomba Seif, fundi cherehani wetu, na shangazi Mwanahawa, kungwi wetu, mwambie wari wake hapo awafunde na kufunga mdomo. Na mama, najua kila akikuita umsomee barua yangu huuliza kwanza kama mjukuu wake ameanza kusema.

Mwambie bado.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura