Sahihi ya Mahudhurio

Kaka yangu wa mbali,

Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi ungali mkali. Cherehani yangu imepata mkanda mpya.

Juzi mwenyekiti wa mtaa alituita tupange maendeleo. Tukanywa soda, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukarudi nyumbani bila kuulizwa kitu. Jana nimeikuta karatasi ile ile ubaoni ofisini kwake, imebandikwa kichwa kipya: "Wakazi Walioridhia Barabara." Barabara yenyewe inapita jikoni kwa Mama. Jina la kwanza ni langu, kaka. Nisamehe.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Wino si maji. Leo nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari langu la vipimo, kila mtu aandike anapotaka barabara ipite. Muuza mkaa kanambia, "Mimi sijui kuandika." Nikamwambia achore. Kachora vizuri kuliko mhandisi wao!

Kesho tunakwenda ofisini sote, Mama mbele, na magoti yake hayo hayo. Kasema safari hii karatasi ya mahudhurio ataishika yeye, na atakayesaini ni mwenyekiti.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi